Pumzi Mbele ya Mkwe

Nilipotoka hospitali pale Korogwe sikuwa na nguvu ya kubeba kopo la maji ya kuendea chooni. Nalisema mwanzoni kabisa ili tusije tukafichana. Kopo la plastiki, ambalo mtoto wa chekechea analibeba huku anaruka kamba, mimi nililishika kwa mikono miwili, na nikifika katikati ya uwanja naliweka chini, nashika magoti, natweta. Na uwanja wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama mkwe.

Mtu wa kwetu ameshaelewa, ameshajishika mdomo. Asiyejua nimweleze. Sisi wakulima wa Kwedizinga, upande wa Handeni, tuliolelewa na wazee wa zamani, mama mkwe humkaribii. Ukimwona anakuja, unatoka njiani, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Hamli sahani moja, hamkai chumba kimoja, hamsemeshani uso kwa uso. Ukiwa na neno unampa mtu alipeleke. Si ugomvi huo, ni heshima, na ni heshima tamu sana ukiwa mzima wa afya. Vijana wa siku hizi wanakaa sebuleni na mama wakwe zao wanagombania rimoti ya televisheni. Shauri yao. Mimi mke nilimwoa kwa njia ya zamani, na mama yake, Msambaa wa Bungu aliyeteremka bondeni kuolewa, alikuwa mkali wa mambo hayo kuliko hata sisi Wazigua.

Kabla ya kupewa mke nilipelekwa kulima kwake. Ndio uliokuwa mtihani. Nilionyeshwa kipande cha shamba lenye visiki, nikaachwa. Yeye alikaa mbali, kwenye baraza, kajifunika kanga, anatazama. Nilijua anatazama, kwa hiyo jembe nililishusha kwa hasira na majivuno ya ujana wote niliokuwa nao. Jua halijafika utosini nikawa nimemaliza. Nikavua shati, nikalikamua jasho makusudi, aone. Miaka yote iliyofuata ndivyo nilivyotaka anikumbuke, mgongo unaong'aa na jembe begani, basi. Sikutaka anione kwa namna nyingine yoyote.

Halafu ikaja nimonia. Ya virusi, alisema daktari, maana yake hakuna sindano ya kuiua moja kwa moja. Unasaidiwa kupumua mpaka mwili ujipiganie wenyewe. Nililazwa na mpira wa oksijeni puani, nikaona ndugu wanakuja kunitazama kwa zile nyuso za watu wanaopiga hesabu ya sanda. Alhamdulillahi, nikapona. Lakini daktari akanikalisha kitako siku ya kutoka, akaniambia kupona homa ni jambo moja na kurudisha pumzi ni jambo jingine. Mapafu yamesinyaa, misuli imelegea, yote yanataka kufundishwa kazi upya kwa mazoezi, na nisipofanya nitabaki hivyo hivyo, mtu wa kukaa mkekani na kutazama wapita njia. Jembe ndiyo basi tena. Na wanangu wanakula jembe langu, hawana kingine.

Mazoezi yenyewe ilibidi niyafuate hospitalini kila wiki. Kutoka Kwedizinga ni vumbi tupu na mabasi ya kubabaisha, na mke wangu alikuwa na mahindi yanayoanza kukauka, ngedere wameshaweka kambi. Akaamua yeye peke yake. "Utakaa kwa mama, hapa hapa Korogwe," aliniambia.

"Bora nife," nikasema.

"Kufa utakufa, lakini siyo msimu huu," akajibu, akapanda basi akaenda zake kulinda mahindi.

Nikawekwa chumba cha nje, alichokuwa akihifadhia mazao marehemu baba mkwe. Chakula kiliachwa mlangoni kimefunikwa kawa, kisha hatua za mama zinaondoka, ndipo nafungua. Hapo sawa, adabu imetimia. Lakini kikohozi utakifunika kawa gani? Nilikuwa nikikohoa nasikia mchi unasimama kwenye kinu. Nikinyamaza, mchi unaendelea. Kila mkohozo wangu ulikuwa unasikilizwa na mtu ambaye hakupaswa hata kunisikia napiga mluzi. Nilijifunika shuka usoni mchana kweupe kwa aibu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa binti mdogo, wa rika la mwanangu wa kwanza, mwenyeji wa mbali huko kanda ya ziwa. Ananiamkia shikamoo, kisha ananishika kiuno na kunisimamisha. Astaghfirullah! Akanifundisha kuvuta pumzi kwa pua, kuitoa kwa mdomo uliobanwa, polepole, "kama unapoza uji, baba." Akanifundisha kuinuka kwenye kiti na kukaa bila kushika kitu. Akanipa mrija na chupa ya maji, nipulize mpaka mapovu yatoke. Mwisho akasema jambo lililoniua kabisa.

"Kila siku utembee, na utembee huku unaongea na mtu. Ukishindwa kumaliza sentensi, simama upumzike. Ukiona unaweza hata kuimba, basi unazembea, ongeza mwendo. Nyumbani kuna nani?"

"Mama mkwe," nikasema.

"Basi vizuri sana! Mtatembea na mama mnapiga soga."

Nikamtazama yule mtoto. Kwao inawezekana watu wanapiga soga na mama mkwe, sijui. Nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kueleza kungehitaji pumzi ambayo sikuwa nayo.

Basi nikafanya mazoezi kwa kujificha. Mlango nimefunga, dirisha nimeziba kwa kanzu. Kiti sikuwa nacho, nikafudikiza ndoo, nikawa nainuka na kukaa juu ya ndoo. Ndoo inalia kwi, kwi, kwi, nje mchi unasimama. Nikaacha ndoo. Nikapuliza chupa. Mapovu yakapiga kelele bwabwabwa, na nikaona kwenye upenyo wa mlango kanga imesimama imetulia, inasikiliza mkwe wake mwenye ndevu anachezea maji. Nikaacha na chupa. Nikabaki kulala chali na kujiambia kwamba nitaanza kesho, nikizoea mahali.

Niliporudi hospitalini, binti akaniuliza, "Unaendeleaje, baba?"

"Salama tu."

"Unatembea na kuongea?"

"Sana."

Unajua sisi, mtu anakata roho ukimwuliza hujambo anakwambia sijambo. Binti hakubisha. Alinibana kidole na kile kipimo chao chenye taa, akanitembeza kwenye korido, akakitazama, akaguna. "Baba, wewe una adabu, lakini kidole hakina. Kinasema hujatembea hata kidogo." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, kwamba nikiendelea kulala, kifua kitashika hapo kilipo na yeye hatakuwa na la kunisaidia.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mama mkwe alikuwa nje ya dirisha. Safari zote alikuja na bodaboda nyingine nyuma yangu, kama mila inavyotaka, akakaa kwenye benchi la nje kanipa mgongo. Dirisha lilikuwa wazi. Uji wa kupoza alishausikia, sasa alisikia "sana" yangu, na alisikia kidole kinavyosema.

Asubuhi yake mlango wangu uligongwa na pembe. Nikafungua, nikakuta mbuzi jike, mweupe mwenye baka jeusi usoni, na kamba ndefu, na mwisho wa kamba mama mkwe kanigeuzia mgongo, kanga hadi kwenye nyusi.

"Wewe mbuzi," akasema mama, "mwambie huyo mgeni aliyelala mpaka jua limechomoza kwamba tunakwenda malishoni."

Nikatazama mbuzi, mbuzi akanitazama. Nikavaa kandambili.

"Mwambie... mama," nikamwambia mbuzi, "kwamba... nakuja."

"Mwambie nimesikia. Na mwambie neno dogo kama lile halikatwi vipande."

Ndivyo tulivyoanza. Mama anatangulia upande ule wa njia, mimi upande huu nyuma kidogo, mbuzi katikati anabeba maneno. Mwulize yule mwanawe wa mwisho bado anakula udongo? Mwambie mama ameacha, sasa anakula... chaki. Mwulize mvua ya Handeni wanaionaje mwaka huu? Mwambie mama tunaiona... mawinguni tu. Nikikwama katikati ya sentensi mama anasimama, anajifanya kufungua kamba iliyonasa, mpaka apate kusikia pumzi yangu imetulia. Hakuwahi kugeuka. Lakini loh, masikio aliyokuwa nayo yule mwanamke!

Wanawake wa bombani walitucheka mpaka ndoo zikafurika. "Mama, siku hizi umenunua mbuzi msomi?" Mama anawajibu, "Huyu kamaliza darasa la saba, nyie wa kwenu wameishia wapi?" Wanazidi kucheka. Mimi naangalia kandambili zangu, natamani ardhi ipasuke niingie. Hawakunicheka mimi kwa ubaya, najua, walikuwa wanafurahia mbuzi. Lakini kila mmoja wao aliniona mwanaume mzima napulizapuliza midomo njiani nyuma ya mkwe wangu, na usiku wake watakuwa wameyasimulia kwa waume zao.

Na kusema kweli pumzi ilianza kurudi. Kopo nikalibeba mpaka chooni bila kulitua. Ningenyamaza hapo, nikaendelea na mbuzi wangu taratibu, mambo yangekwisha kwa amani. Ila nina kichwa kigumu, na majivuno ndiyo yaliyonipatia hata mke.

Kwenye kile kimwinuko cha kuelekea mashamba ya mkonge kuna kijiwe cha bodaboda. Siku hiyo walikuwepo na wazee wawili watatu wanacheza bao. Mmoja akanyanyua kichwa, akasema kwa sauti, wala hakuwa na nia mbaya: "Si yule mkwe aliyelima visiki vya mama kabla ya adhuhuri?"

Wote wakanitazama. Ningefanya nini? Ningesimama nipoze uji mbele yao? Nikanyoosha mgongo. Nikatupa mikono. Nikaongeza mwendo, nikampita mbuzi, nikampita na mama mkwe mwenyewe, jambo ambalo mkwe hafanyi hata akikimbizwa na nyuki. Nikaupanda mwinuko kama siku ile ya jembe. Nilifika juu, au karibu na juu. Kisha kifua kikafunga. Navuta, hakiingii kitu. Miguu ikapotea, dunia ikawa nyeusi pembezoni, nikaenda chini na magoti, halafu na ubavu.

Nilitegemea bodaboda ndio watakaonifikia. Nilichosikia ni kamba inaanguka. Mikono ikaniingia kwapani, ikaniinua, kichwa changu kikalala kifuani pa mtu, na kanga ikanukia moshi wa kuni.

"Nitazame," akasema mama mkwe.

Nikafumba macho. Hata pale, roho iko kooni, nilifumba macho kwa haya.

Akanizaba kofi. "Nimesema nitazame! Pua. Vuta. Sasa mdomo. Poza uji. Pole pole, mwanangu, uji wa moto huo, poza."

Nikafumbua, nikamtazama. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto, limeingia ukungu. Alikuwa na pengo la mbele. Alikuwa na macho ya mke wangu, yale yale, isipokuwa moja limeingiwa na maziwa. Miaka yote ile mkwe wangu sikujua kwamba anaona kwa jicho moja. Nikapoza uji naye, anavuta navuta, anatoa natoa, mpaka hewa ikaanza kupita. Wale wazee wa bao walikuwa wamegeuza nyuso zao pembeni ili wasione, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo. Aliyekamatwa anaiba kuku hageuziwi uso, anatazamwa. Sisi tuligeuziwa.

Sikutoka chumbani baada ya hapo. Mbuzi akagonga kwa pembe, sikufungua. Nikampigia simu mke wangu, nikamwambia mama yako amenishika, kanipakata njiani mbele za watu. Akauliza, "Umepata pumzi?" Nikasema ndiyo. "Basi unalia nini?" Nikakata simu. Nikafunga nguo zangu kwenye fulana, tayari kurudi Kwedizinga nikafie mkekani kwangu.

Kabla sijaondoka akateremka kaka yake mama mkwe, mjomba wa mke wangu, kutoka Bungu, kwa sababu habari kama hiyo haingoji gari, inapanda mlima kwa miguu. Akakaa uwanjani kwenye kigoda, fimbo mapajani. Mimi nikakaa chini upande mmoja, mama akawa ndani jikoni, tunamsikia kupitia mwanya wa ukuta. Mjomba akatoa hukumu, wala haikuwa kali. Mkwe na mkwe wameshikana, aibu hiyo inaoshwa kwa mbuzi. Mkwe wa kiume atoe mbuzi, achinjwe, watu wale, na kuanzia hapo mipaka irudi ilivyokuwa, asiseme naye wala asimtazame.

Sauti ya jikoni ikasema, "Akipona."

"Nini akipona?"

"Mbuzi atolewe akipona. Maji tumeshayavulia nguo, kaka, acha tuyaoge. Ukichinja leo mipaka inarudi leo, na huyu bado hajaweza kumaliza sentensi."

Mjomba akasema haijawahi kutokea watu wakakaa kwenye aibu kwa hiari yao, siku baada ya siku, kama wamepanga chumba humo. Mama alipomjibu, sauti haikuwa ile ya kuongea na mbuzi.

"Baba wa watoto alipotoka hospitali na kifua chake, mimi nilifanyaje? Ulikuwepo, kaka. Nilimlaza. Akitaka kuinuka namrudisha kitandani. Nampa uji kwa kijiko, namgeuza, nampepea. Mtaa mzima ukanisifu, mama yule anajua kuuguza mume. Nikapenda zile sifa. Manesi walisema atembee, nikasema hao watoto hawajui adabu, mgonjwa anatembezwa? Akawa anasinyaa mikononi mwangu huku watu wananisifu. Huyu ni baba wa wajukuu zangu. Simlazi. Aibu nitaivaa mimi."

Mjomba aliinamisha kichwa. Mimi nililia, na sikujali nani anaona. Nilikuwa nimejiambia siku zote hizo kwamba naficha pumzi yangu kwa ajili ya heshima ya yule mama. Uongo mtupu! Nilikuwa nalinda mgongo wangu unaong'aa. Heshima ya mama alikuwa ameishika mama mwenyewe, na alikuwa ameamua kuitumia.

Basi tukaingia kwenye aibu yetu rasmi. Tulitembea sambamba, tukasemeshana kwa midomo yetu, mbuzi akawa anakula tu, kazi imekwisha. Usidhani nilizoea. Kila asubuhi nilipofungua mlango na kumkuta ananitazama usoni, damu ilinipanda masikioni. Kumwambia "shikamoo mama" kwa mara ya kwanza kulinichukua pumzi kuliko kile kimwinuko. Na wapita njia hawakuwa wanacheka tena. Walikuwa wanatusalimia haraka haraka na kupita, na mama anaitikia bila kupunguza sauti, ingawa nilimwona anavuta kanga akishapishana nao. Mwanamke aliyekuwa akifundisha mabinti wa watu adabu za ukwe, sasa wanampita wanatazama miti.

Mbinu yake ilikuwa kunichokoza. Aligundua kwamba nikikasirika sentensi inatoka nzima. Tukifika kwenye mwinuko anaanza: "Nyie Wazigua bwana, mnalima kama mnaikuna ardhi mgongo. Kule Bungu mtoto anayeanza kuota meno analima kuliko wewe."

"Mama, hicho kibustani chenu cha Bungu ng'ombe akigeuka mkia unaning'inia kwa jirani, halafu unakiita shamba?"

Akasimama. Nikasimama. Nikaziba mdomo, maana nilikuwa nimemtania mama mkwe, dhambi ambayo sijui hata kama ina mbuzi wake. Lakini yeye alikuwa anatabasamu kwa lile pengo. "Umeisema yote," akasema. "Hujaikata."

Tukaendelea hivyo. Ndoo niliirudisha uwanjani, nikawa nainuka na kukaa mbele yake anapochambua mchicha. Chupa nikaipuliza kwenye baraza. Pumzi ikazidi, miguu ikakaza, nikaanza kumchotea maji, kisha kumpasulia kuni. Siku moja nilipanda mwinuko wote hadi kwenye mkonge nikimsimulia jinsi mwanawe, mke wangu, alivyomfukuza nguruwe shambani kwa sufuria, nikafika juu, na hadithi bado inaendelea. Wazee wa bao waliendelea na bao lao. Sikunyoosha mgongo kwa ajili yao.

Binti wa mazoezi akanibana kidole, akatabasamu. "Leo kidole na mdomo vinasema lugha moja," akasema. "Nenda kalime, baba. Anza taratibu."

Niliporudi na habari hiyo, mama alifurahi, akapiga vigelegele peke yake uwanjani. Kisha akavuta kanga, na mimi nikatazama chini. Tulikuwa tumewaza jambo moja. Mjomba aliletewa habari, akateremka.

Sasa mbuzi. Mbuzi wangu wote walikuwa Kwedizinga, na mjomba alitaka jambo limalizwe siku hiyo hiyo. Nilizungukazunguka uwanjani nikijikuna kichwa. Mama akaja mpaka nilipo, akanishikisha kamba mkononi. Mwishoni mwa kamba yule mbuzi jike wake, mweupe mwenye baka jeusi.

"Toa huyu," akasema.

"Mama, huyu ni wako."

"Nimekupa. Sasa ni wako. Toa."

"Nitaleta mwingine kutoka nyumbani, mama, ngoja wiki..."

"Wewe ni mzima," akasema. "Hatuna tena sababu ya kungoja."

Nikampeleka. Nikamkabidhi mjomba mbele ya mashahidi, mbuzi wa mkwe wangu kuwa faini yangu kwa mkwe wangu, nikasema maneno yanayosemwa, kwa sauti kamili, pumzi tele. Mjomba alijua. Wote walijua. Mbuzi alinifuata bila kuvutwa, alidhani tunakwenda malishoni. Sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona pale nimeshika miguu yake ya nyuma. Nyama ikaliwa, ikasifiwa. Mama alikula ya kwake jikoni. Aliingia humo wakati wa kuchinja na hakutoka tena nilipokuwepo mimi.

Na niseme hili nalo, kwa kuwa tumeahidiana kutofichana. Mlango wa jikoni ulipofungwa, nilisikia nafuu. Ndiyo. Mabega yalishuka. Nilikuwa nimechoka kuonekana. Mwanamke amejivua heshima yake nipate kuishi, amepoteza na mbuzi wake juu, na mimi nafurahi kwamba sitatazamwa tena. Nafuu hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo, kuliko kuanguka, kuliko kofi.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka na mzigo wangu begani. Mlango wa jikoni umerudishwa, moshi unapita juu. Nilijua yuko pale nyuma ya ukuta, mchi ulikuwa umesimama. Asante ilikuwa imejaa kinywani, na kwa mara ya kwanza tangu niugue nilikuwa na pumzi ya kuisema kutoka mwanzo hadi mwisho na ikabaki. Lakini mipaka imerudi, imelipiwa, na sina wa kumtuma. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, haina mtu.

Nikatua mzigo. Nikasogea karibu na ule mwanya wa ukuta, nikaupa mgongo. Nikavuta hewa kwa pua mpaka mbavu zikafunguka, nikabana midomo, nikaitoa, ndefu, ya sauti, bila kuikata, aisikie yote.

Kisha, ndani, nikamsikia naye anavuta ya kwake, na anaitoa, pole pole, kama mtu anayepoza uji wa moto.

Nikabeba mzigo wangu, nikaenda stendi.